Unaisubiri GTA VI? Maliza stori kabla hujaingia onlaini

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa kijana wa Morogoro: "Kaka, nataka niuze PS4 yangu niongezee nipate PS5 sasa hivi, nisije nikapitwa GTA VI ikitoka. Wenzangu wote wanasema siku ya kwanza ni onlaini moja kwa moja. Unanishauri nini?"

Nilimjibu kwa ufupi, kisha nikaona swali hili ni la wengi. Tangu Rockstar, kampuni inayotengeneza gemu za GTA (Grand Theft Auto), watangaze Novemba 6, 2025 kwamba gemu imesogezwa kutoka Mei 26 hadi Novemba 19, 2026, karibu kila anayeniandikia anauliza jambo hilohilo kwa maneno yake. Jibu langu ni moja: anza na stori, ile sehemu unayocheza peke yako, imalize, ndipo uende onlaini kucheza na wengine. Na PS4 yako, hiyo koni (mashine ya gemu) ya PlayStation uliyonayo, usiiuze leo.

Nasema kama mtu aliyepita njia zote mbili. San Andreas, GTA ya zamani, niliijulia kwenye kibanda cha gemu Mbagala, enzi za PS2. Unalipa, unashika pedi, muda ukiisha unampisha mwenzio. Kwa utaratibu ule misheni hazikuwa na wenyewe. Watu walikuwa wamekariri vitufe vya siri, wakivibonyeza wanapata silaha na pesa, halafu ni kukimbizana na polisi mpaka dakika zao ziishe. Mimi nilidunduliza nikanunua memori kadi yangu mwenyewe. Nilikuwa natembea nayo mfukoni, naichomeka, naendelea na CJ, mhusika mkuu, pale nilipomwacha. Walinicheka. Waliniita mwalimu, kwa sababu nilisoma kila mstari wa maandishi uliopita chini ya skrini, na Kiingereza changu kikubwa nimekipata pale.

Nilipotoka San Fierro, nikamaliza Las Venturas na kurudi Los Santos, miji ya ndani ya gemu, kuifunga stori, kibanda kizima kilisimama nyuma ya benchi langu. Watu walikuwa wameicheza gemu ile miaka na hawakujua inaishaje. Mwenye kibanda mwenyewe alizima saa yake ili nisikatizwe. Ile heshima najivunia mpaka leo, na ndiyo iliyonifundisha namna ya kucheza gemu za aina hii.

GTA V ilitoka Septemba 17, 2013 kwenye PS3 na Xbox 360. Mimi nilikutana nayo baadaye kwenye PS4 ya mtumba, na wakati huo kila mtu alikuwa ameshahamia onlaini. Walinishangaa nilipowaambia bado niko na Michael, Franklin na Trevor, wahusika watatu wa stori yake. Lakini ni nani kati yao aliyeijua ile theluji ya mji wa Ludendorff mwanzoni kabisa mwa stori, na kilichokuja kufukuliwa kutoka pale miaka mingi baadaye? Ukiirukaruka stori ile, Trevor unamwona kichaa tu. Ukiifuata kwa utulivu, unaelewa kwa nini amekasirika, na unapofika mahali pa kuchagua mwisho, mkono unasita kwenye pedi. Hakuna kazi ya onlaini iliyowahi kunifanya nisite namna hiyo.

Onlaini nayo nimeicheza, tena sana. Nilikuwa na timu ya watu wanne: mimi Dar, binamu yangu Muscat, na rafiki zake wawili huko huko. Tulikuwa kwenye ule wizi wa kumtoa mtu gerezani, ambao kila mmoja ana nafasi yake: wawili wanaingia ndani, mmoja anashughulika na ulinzi kutoka nje, mmoja ni rubani wa kuwapokea. Rubani nilikuwa mimi. Wenzangu wakishapita risasi zote wanakimbilia uwanja wa ndege, na kama sijatua, hakuna kazi.

Umeme ukakatika mtaani kwetu. Katika misheni zile mmoja akidondoka, kazi inavunjika kwa wote wanne. Na hata umeme ukiwepo, GTA Online huwaunganisha wachezaji kwa kiasi kikubwa moja kwa moja, koni kwa koni, hivyo intaneti ya mmoja ikiyumba wote wanaiona. Ilitokea tena, na tena. Siku moja nikawasha nikakuta wameshaanza bila mimi. Nafasi ya rubani alikuwa amepewa mtu mwingine. Binamu hakuniambia kitu, na mimi sikuuliza. Tunaongea vizuri siku hizi, kwenye misiba na harusi tunakaa pamoja, ila jambo lile halijanitoka.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Morogoro, unaponiambia wenzako wote wataingia onlaini siku ya kwanza, mimi nakuuliza: wataingia wapi? Trela ya kwanza ya GTA VI ilitoka Desemba 2023, huku kwetu ikiwa usiku wa manane wa tarehe 5 kwa sababu ilivuja kabla ya saa yake. Ya pili ikaja Mei 2025. Kwa pamoja zimetuonyesha wahusika wakuu wawili, Lucia Caminos akitoka gerezani na Jason Duval akihangaika na maisha, pamoja na mji wa Vice City na jimbo zima la Leonida. Kuhusu onlaini hakuna neno ndani ya trela hizo. Na tabia ya Rockstar inajulikana: GTA Online ilifunguliwa Oktoba 1, 2013, wiki mbili baada ya gemu yenyewe, na siku za mwanzo seva zilizidiwa, watu wakashindwa kuingia na wengine wakapoteza wahusika wao. Red Dead Redemption 2, gemu yao nyingine, ilitoka Oktoba 2018, na Red Dead Online ikafuata mwezi uliofuata kama toleo la majaribio. Mwenye haraka hapo anawahi foleni.

Halafu lipo hili linaloniuma kama mpenzi wa stori. Mwaka 2013 Rockstar walisema nyongeza ya stori ya GTA V ingekuja 2014. Haikuja kamwe. Nguvu zilikwenda onlaini, kwa sababu onlaini ndiko watu walikokuwa wananunua pesa za gemu kwa pesa halisi. Gemu imeuza zaidi ya nakala milioni 200, na Michael, Franklin na Trevor hawakuongezewa stori yao wenyewe. Desemba 2021 GTA Online ya PS3 na Xbox 360 ikazimwa. Majumba, magari na silaha zote za waliobaki huko zikaenda. Lakini ukiweka CD ya GTA V kwenye PS3 leo, Ludendorff bado kuna theluji.

Basi ushauri wangu wa vitendo. Usimpe mtu yeyote malipo ya awali kwa gemu ambayo hata yeye hana. Nunua PS5 yenye sehemu ya kuweka CD, maana kupakua gemu nzima kwa bando ni kujitesa. Masasisho yaache yashuke usiku, kwa bando la usiku. Tenga pesa ya PS Plus, usajili wa kulipia wa PlayStation, baadaye, ukishamaliza stori, kwa sababu stori haikudai usajili wowote na onlaini ya PlayStation kwa kawaida inaudai. Ukiingia onlaini, ingia na watu wa karibu, wenye umeme wa uhakika kama wewe. Na stori kwanza. Narudia: stori kwanza.

Tena tusidanganyane, tatizo letu si bando peke yake. Tumezoea kuanza vitu. Tunaanza gemu, tunaanza kozi, tunaanza biashara ya mtandaoni, na mwenzako akianza kingine unaacha chako unamfuata. Wale waliokuwa wananicheka kibandani walikuwa na vipaji vya mikono kunizidi, kwa fujo hakuna niliyemfikia. Walichokosa ni kukaa na kitu kimoja. Jifunze kukaa na kitu kimoja, mdogo wangu, hata watu wakikuita majina.

Kuhusu PS4 yako: bei za koni hupanda na kushuka, na gemu ilishasogezwa mara mbili kabla ya kufika Novemba 19, usivunje kibubu kwa ajili ya tarehe. Weka akiba kidogo kidogo. Kwa sasa tafuta Red Dead Redemption 2, ya PS4 ina CD mbili, moja ya kusakinisha na moja ya kuchezea, hakikisha muuzaji anakupa zote. Iko katika mwaka 1899, na mhusika mkuu, Arthur Morgan, anaanza taratibu mno, milimani kwenye baridi, mpaka wengi wanamwacha palepale. Wewe usimwache. Zipo sura sita, kisha epilogu yenye sehemu mbili, na usiiruke hiyo epilogu. Ukishaimaliza niandikie, nikuambie niliyoyaona mimi.