Maji ya bahari, maziwa na chumvi: kipi ni msombo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha kwanza. Kwenye zoezi niliandika kwamba maji ya bahari ni msombo kwa kuwa maji na chumvi vimeungana, na maziwa ni mchanganyiko sare kwa kuwa ni meupe kote. Yote mawili nimekosa. Kwa nini?

JIBU: Marahaba. Umeamua kwa kutazama tu. Siku nyingine jiulize kwanza: vipimo vya vilivyomo vinaweza kubadilika? Na naweza kuvitenganisha bila kuvigeuza kuwa kitu kingine? Ukijibu ndiyo, ni mchanganyiko; ukijibu hapana, ni msombo, yaani vitu vilivyoungana kikemia kwa vipimo visivyobadilika.

Kilo moja ya maji ya bahari ina wastani wa gramu 35 za chumvichumvi, lakini mto unapoingia hupungua, na Bahari ya Shamu huzidi. Nenda kwenye mashamba ya chumvi Bagamoyo uone: maji yanafungiwa kwenye vidimbwi vya kina kifupi, jua linayakausha, chumvi inabaki chini. Hakuna kipya kilichozaliwa. Basi huo ni mchanganyiko, tena sare, maana ukichota juu au chini ya ndoo utakuta chumvi ileile.

Msombo ni chumvi yenyewe, yaani sodiamu kloraidi. Iwe ya pwani au ya chemchemi za Uvinza, kila gramu 100 zina karibu gramu 39 za sodiamu na 61 za klorini, haizidi wala haipungui. Sodiamu peke yake ni metali laini ya kukatwa kwa kisu, na maabara tunaihifadhi ndani ya mafuta isije ikakutana na maji ikalipuka. Klorini peke yake ni gesi ya sumu. Zikishaungana, unatia kwenye mboga! Kuziachanisha, jua halitoshi: viwandani chumvi huyeyushwa kwa moto mkali, kisha hupitishwa umeme. Baada ya hapo hakuna njia ya kikemia ya kuzivunja zaidi, ndiyo maana zinaitwa elementi.

Maziwa yana hila kidogo. Acha maziwa mabichi yalale usiku kucha, asubuhi utakuta malai yameelea juu. Ya paketi hayafanyi hivyo upesi kwa sababu kiwandani matone ya mafuta hupasuliwa yakawa madogo mno, lakini bado yamo. Jaribu hili: tia matone mawili ya maziwa kwenye glasi ya maji, zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni. Utauona mwale ukipita ndani. Kwenye maji safi yenye chumvi iliyoyeyuka vizuri, huuoni. Chembe za mafuta na protini ndizo zinazoutawanya mwanga. Basi maziwa ni mchanganyiko, lakini si sare; wa namna hiyo huitwa koloidi.

Kuna jambo moja la kumchokoza mwalimu wako. Chumvi ya dukani imeongezwa madini joto, kwa hiyo ukibana sana, ile paketi ya jikoni nayo ni mchanganyiko.