Aliye kwenye sahani ni simbilisi, si sungura

Nyie mnaobishana ni mnyama gani yule kwenye picha, si sungura jamani, wala si panya. Mnyama aliyelala chali kwenye sahani katikati ya meza, kwenye ile picha ya Karamu ya Mwisho ya Yesu ndani ya kanisa kuu la Cusco, Peru, ni simbilisi, kile kinyama kidogo cha kufugwa, guinea pig kwa Kiingereza. Wenyewe humwita cuy. Mchoraji Marcos Zapata alikuwa mtu wa hukohuko Cusco, na picha ni ya miaka ya 1750. Watu wa milima ya Andes wamekuwa wakifuga simbilisi kwa ajili ya kitoweo tangu zamani sana kabla ya Wahispania, kwa hiyo kwenye karamu kubwa ungetegemea wakute nini mezani? Mtu wa Iringa au Njombe aliyekulia nyumba yenye simbilisi jikoni hata haulizi, akiona tu vile vijiguu vinne vilivyoelekezwa juu atamjua.

Anayesema picha hiyo aliiona Lima, mji mkuu wa Peru, naye hadanganyi. Kuna picha nyingine ya Karamu ya Mwisho yenye simbilisi huko, kwenye nyumba ya watawa ya San Francisco, ndiyo maana watu huzichanganya.

Ukienda Cusco kuhakikisha, simu iache mfukoni, maana ndani hawaruhusu kupiga picha. Na ile tiketi ya jumla ya watalii, boleto turístico, haikuingizi kanisani. Tiketi ya pale unakata kivyake. Panda ngazi za mbele polepole pia. Mji uko mita kama 3,400 juu ya bahari, pumzi inakata.