Anachota na kumwaga tu: kuna anachojifunza?

SWALI: Mwanangu ana miezi 20. Siku za joto humtolea beseni la maji nje acheze. Nimemwekea herufi na namba za plastiki zinazoelea, lakini hata hazigusi. Kazi yake ni kuchota kwa kikombe na kumwaga, kuchota na kumwaga, mpaka maji yaishe, kisha analia aongezewe. Je, kuna anachojifunza hapo? Nimpe michezo gani, na maji yawe na kina gani? – Mama mwenye mtoto mmoja

JIBU: Mama, herufi zitoe, kikombe kiache.

Mtazame vizuri anapochota. Mkono mmoja umeshikilia ukingo wa beseni, mwingine unageuza kifundo polepole, na macho yanafuata mdomo wa kikombe. Kuifanyisha mikono miwili kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja si jambo dogo katika umri huo, na ndiko kutakakomwezesha baadaye kufunga vifungo vya shati au kushika karatasi huku anachora. Halafu anarudia, aone kama maji yatafanya vilevile. Yanafanya vilevile. Anainua kikombe juu zaidi, maji yanamrukia miguuni, anacheka, anarudia tena. Hayo ni majaribio kamili.

Kwa hiyo mchezo usiubadilishe. Badilisha vyombo, tena kimoja kimoja. Vyombo vitatu vinamtosha, vikizidi anavitawanya tu. Leo mpe kikombe na chujio, aone maji yanavyomponyoka. Siku nyingine mpe chupa ya plastiki uliyoitoboa matundu matatu, la chini, la kati na la juu (itoboe mwenyewe akiwa mbali, na hakikisha hakuna kingo kali). Akiijaza, tundu la chini litatoa maji kwa nguvu kuliko la juu, na maji yakipungua, matundu yatakauka moja baada ya jingine kuanzia la juu. Hakuna haja ya kumweleza habari za mgandamizo wa maji. Mwache azibe tundu kwa kidole na kugundua mwenyewe.

Sponji nayo ni nzuri, kwa sababu kuikamua kunaimarisha vidole na kiganja. Ila mchezo ninaoupenda kuliko yote hauhitaji hata beseni: kopo la maji na brashi pana ya kupakia rangi, achore ukutani au sakafuni penye jua. Anasimama, ananyoosha mkono, anavusha brashi kutoka kushoto kwenda kulia, kisha mchoro unaanza kufifia mbele ya macho yake. Ataupaka upya mara nyingi ajabu.

Kuhusu kuelea na kuzama, mpe kijiko cha chuma na kipande cha ubao kikubwa kuliko kijiko. Kidogo kinazama, kikubwa kinaelea, na hilo litamshangaza. Kikombe chepesi cha bati kitamshangaza zaidi: kikiwa kitupu kinaelea, kikijaa maji kinazama. Sababu zake atazipata shuleni. Vivyo hivyo usimuulize kama kwenye chombo kirefu chembamba kuna maji mengi kuliko kwenye kifupi kipana. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha kuwa hata watoto wa miaka 5 kwa kawaida huchagua kile kirefu, ingawa wameyaona maji yaleyale yakihamishwa.

Tatizo ninaloliona kwa wazazi wengi ni kuugeuza mchezo kuwa mtihani: hii rangi gani, hivi vingapi? Mtoto anachoka, anaondoka. Wewe taja tu kinachotokea, pale pale kinapotokea, kwa maneno machache: "Kimejaa. Yanamwagika. Kijiko kimezama. Suruali imelowa!" Neno linalokuja pamoja na tendo lake hushika haraka.

Sasa kina. Sentimita 5 zinatosha kabisa kwa kuchota, lakini pia zinatosha kumzamisha mtoto, kwa hiyo usijiliwaze kwamba maji ni machache. Kinachomlinda ni wewe kukaa mahali ambapo mkono wako unamfikia, simu ikiwa pembeni. Tumia beseni pana la chini, si ndoo. Kichwa cha mtoto wa umri huu ni kizito ukilinganisha na mwili wake, na akitumbukia kwenye ndoo kichwa chini hana nguvu ya kujinyanyua. Tena mara nyingi mtoto huzama kimyakimya, hutasikia kelele yoyote. Ukihitaji kuingia ndani hata kwa dakika moja, mbebe uingie naye. Ulinzi huu usimwachie mtoto mwenzake.

Maji yawe safi, maana atayanywa tu. Kama unatumia mpira wa maji uliolala juani, yaache kwanza yatiririke na uyapime kwa mkono wako, kwani yaliyotuama ndani ya mpira huweza kuwa ya moto wa kuunguza. Kitu chochote kinachopita ndani ya kile kibomba cha katikati ya karatasi ya chooni ni kidogo mno kwake, vipande vya barafu vikiwemo. Akianza kutetemeka au midomo kubadilika rangi, mtoe umkaushe, hata kama jua linawaka. Watoto wadogo hupoteza joto la mwili haraka kuliko sisi.

Na kile kilio cha kuongezewa? Jaza jagi moja la akiba analoliona tangu mwanzo, na mwambie likiisha tunamaliza. Atalia siku za kwanza, kisha atazoea. Kikombe cha mwisho amwagilie mmea, nawe ulaze beseni kifudifudi papo hapo, lisibaki na maji ya kumrudisha peke yake wala ya mbu kutagia.