Re: Othello anaponzwa na rangi au na wivu?

Ndugu umeuliza kama Othello, yule jenerali mweusi kwenye tamthilia ya Shakespeare yenye jina lake, anaangamia kwa sababu ya rangi yake au ni wivu tu, mi naona huwezi kuvitenganisha hivyo viwili. Cheki mwanzo kabisa, Othello hata hajatokea jukwaani, Iago, afisa wake anayemchukia, na mwenzake Roderigo wako usiku chini ya dirisha la mzee Brabantio, baba wa Desdemona aliyeolewa na Othello, wanapiga kelele kwamba kondoo dume mweusi kampanda kondoo wake mweupe, yani tunamjua kwa rangi kabla hata ya jina. Na huyo mzee alikua anamkaribisha Othello kwake kusikiliza stori za vita, ila kusikia kamuoa binti yake ghafla anadai ni uchawi!

Wivu ungempata mume yeyote, lakini Iago anapomtia Othello shaka kuwa mkewe anamsaliti anajua pa kubonyeza, anamwambia kwamba Desdemona alikataa wachumba wa nchi yake na wa rangi yake, kwa hiyo penzi lake lina kasoro. Muda si mrefu Othello mwenyewe anasema labda ni kwa vile mimi ni mweusi. Hapo ndo panaponiuma, jenerali anayetegemewa na Venice nzima kashaanza kujiona kwa macho ya anayemchukia.

Na hata nje ya tamthilia, Ira Aldridge, muigizaji mweusi kutoka Marekani, alipoigiza Othello London mwaka 1833 kuna magazeti yalimshambulia kwa rangi yake.