Muulize Fundi: 91 ya shemeji na 95 ya kifuniko

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimenunua Ford Ranger Raptor ya petroli, ile ya V6 lita 3.0 yenye tabo (turbo) mbili. Ndani ya kifuniko cha tenki pamebandikwa "95 RON". Shemeji yangu yuko California, ana pikapu ya ukoo huohuo, anasema anatia 91 na kwao hiyo ndiyo ya juu. Sasa kuna kijana wa mtaani ananiletea petroli ya madumu kwa bei poa, anaapa ni 91. Nitie tu? Gari huvuta boti hadi Pangani, na mwisho wa mwezi napanda Lushoto kwa wakwe.
Msomaji, Raskazone, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa gari. Shemeji yako hajakudanganya, ila anahesabu kwa kipimo kingine. Namba hizo ni za okteni, nayo hupimwa kwa njia mbili, RON na MON. RON hupimwa injini ya majaribio ikizunguka mara 600 kwa dakika. MON ni mara 900, mchanganyiko ukiwa wa moto zaidi, na namba yake hutoka ndogo. Wamarekani hujumlisha hizo mbili, wakagawa kwa mbili, jibu wakaliandika kwenye pampu. Kifuniko chako kinasema RON. Basi 91 ya shemeji ni kama 95 au 96 yako. Na 91 ya huyo kijana, kama ni RON, kule kwa shemeji ingesomeka 87 hivi, yaani ile ya bei ya chini.

Okteni ni kipimo cha subira ya petroli. Inabanwa ndani ya silinda, inapata joto, na inatakiwa ivumilie hadi moto ulioanzishwa na cheche ya plagi uifikie. Tabo mbili zinasukuma hewa nyingi, kwa hiyo mbano ni mkubwa na subira inayotakiwa ni kubwa. Petroli isiyo na subira hulipuka yenyewe kabla ya zamu yake, na hapo injini inagonga. Ukishaisikia huisahau: kama mtu anatikisa njugumawe ndani ya kopo la maziwa. Hilux yangu ya kabureta haijali haya yote, ukiitilia 95 ni kumpa punda biriani.

Raptor yako ina sensa ya kusikia huko kugonga. Kompyuta ikipata habari inachelewesha cheche na kupunguza pumzi ya tabo. Injini haifi siku hiyohiyo, lakini umelipia nguvu za farasi wote wale halafu umewafungia zizini. Na sensa nayo ina kikomo. Pabaya ni pale mzunguko uko chini na mzigo ni mkubwa: unaitoa boti kwenye mchanga wa Pangani saa nane mchana, au umetoka kwenye joto la Mombo unaanza kona za Soni, gia kubwa, mguu umezama. Shusha gia, acha injini izunguke.

Madumu sasa. Hapo nitakuwa mkali. Mimi mwenyewe niliwahi kununua dumu moja barabarani, nina haraka ya msiba. Nilipofungua plagi baadaye zilikuwa nyeusi tii, na tenki linanuka kibatari. Mafuta ya taa yakiingia kwenye petroli, okteni huporomoka. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuzima huo mchezo wa kuchakachua, na petroli ya vituoni huwekewa vinasaba, yaani kemikali ya alama ya kutambua mafuta halali. Dumu la kijana halina kinasaba wala risiti. Unafuu wake utaurudisha kwa fundi, na fundi mwenyewe ni mimi, si rahisi.

Kituoni usidanganywe na jina tamu lililopakwa kwenye pampu; uliza RON ni ngapi. Ukiwa na 95 inatosha, vichupa vya kuongeza okteni waachie wauzaji. Ukikwama mahali pasipo na 95, tia kidogo tu ya kukufikisha, endesha kwa mguu mwepesi, halafu jaza nzuri juu yake. Zikichanganyika namba inapanda. Siku hiyo boti ibaki Raskazone.