Je, Pacha wa Kike Huathiriwa na Homoni za Ndugu Yake?

SWALI: Nilijifungua pacha mwezi Machi, msichana na mvulana. Baba mkwe wangu, ambaye amefuga ng'ombe Kajiado tangu ujana wake, anasikitika kwamba binti yangu hatazaa, kwa kuwa mtamba aliyezaliwa pacha na dume huwa tasa. Je, ni kweli? Na ubongo wake nao umeathiriwa?
Mama Pacha, Embakasi, Nairobi

JIBU: Mama Pacha, kuhusu ng'ombe, mzee amesema kweli. Zaidi ya asilimia 90 ya mitamba wa namna hiyo huwa tasa, na mwaka 1916 Frank Lillie wa Chicago alieleza sababu yake: mishipa ya damu ya ndama hao huungana wangali tumboni, na damu ya dume humfikishia jike homoni zinazozuia ovari na uterasi yake kukua.

Binadamu hawako hivyo. Mvulana na msichana pacha hutokana na mayai mawili, na hata makondo yao yakishikana, mishipa yao haiungani ila kwa nadra sana. Kila mmoja hufuata njia yake: kwa mvulana, jeni iitwayo SRY iliyo katika kromosomu Y, ambayo kwa kawaida wanaume tu huwa nayo, huanzisha korodani mnamo wiki ya saba ya mimba, nazo hutoa testosteroni, homoni ya kiume, pamoja na homoni nyingine inayofuta mirija ambayo ingekuwa uterasi. Binti yako hana jeni hiyo, wala damu ya ndugu yake haimfikii kama ya ndama, kwa hiyo utasa wa mtamba haumhusu.

Swali la ubongo ni gumu zaidi, nami nimefurahi kwamba umeliuliza. Katika panya, testosteroni ya dume huingia ubongoni na kugeuzwa kuwa estrojeni, homoni tunayoihusisha na wanawake. Estrojeni hiyo huchochea kemikali iitwayo prostaglandini, ambayo huongeza miunganiko ya seli katika sehemu inayoongoza tabia ya kujamiiana. Haya yote hukamilika siku chache kabla na baada ya kuzaliwa, na homoni ikichelewa, haifanyi kazi ile ile. Hata hivyo, tusimpime binadamu kwa panya. Wapo watu wenye kromosomu Y ambao miili yao haiitikii testosteroni kabisa, ingawa hugeuza sehemu yake kuwa estrojeni, na wengi wao hukua wakijiona wanawake. Jambo hilo ladokeza kwamba kwetu estrojeni haina uzito ilio nao kwa panya. Tafiti za pacha kama wako zimetoa majibu yanayopingana, na mimi sioni sababu ya kumhofia binti yako.

Ikiwa kliniki ilimkagua alipozaliwa na viungo vyake vya uzazi vikaonekana vya kawaida, hahitaji kipimo chochote. Lakini mtoto mchanga yeyote ambaye viungo hivyo havieleweki vizuri, au anayetapika sana na kulegea katika wiki zake za kwanza, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda tezi zilizo juu ya figo zake zina kasoro ya kurithi, na hilo halitokani na pacha mwenzake.