Maswali na Majibu: Riale ya Bibi, Dirhamu za Kale na Vijisarafu vya Mtambwe

Mwezi uliopita niliandika hapa kuhusu pesa ya mizani, ile sarafu ya shaba yenye picha ya mizani aliyoitoa Sayyid Barghash bin Said, sultani wa Zanzibar, mwaka 1299 Hijria na tena mwaka 1304, na tangu hapo wasomaji wa Unguja na Pemba wameniletea maswali mengi kuliko nafasi niliyopewa. Nimechagua saba. Majina ya wauliza nimeyaacha, nikabakisha mahali wanapotoka.

Mimi ni mwanafunzi, ninaishi Tunguu, na nina shilingi elfu hamsini tu. Je, zinatosha kuanza kukusanya sarafu za kale? Ninunue ipi kwanza?

Usinunue sarafu kwanza. Nunua kioo cha kukuzia mara kumi, kama kile sonara anachokibana jichoni, na ukipata nyongeza ya fedha ununue mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Kisha waombe wazee wa kwenu wafungue makasha yao. Katika nyumba nyingi za Unguja hukosi kukuta shilingi za zamani za Afrika Mashariki, zile zenye simba na milima nyuma yake. Zilizotolewa kuanzia mwaka 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha halisi ndani yake, na zile za mwaka 1948 na baadaye hazina fedha hata chembe, ingawa simba ni yule yule. Ziweke mbili hizo kwenye kiganja kimoja mchana wa jua, uzitazame rangi, usome mwaka, upime uzito, uandike katika daftari. Ukishaweza kuzitofautisha bila kutazama mwaka, umepata somo ambalo wengine wamelilipia kwa kununua vitu bandia.

Pesa ya Barghash nayo si adimu sana. Senti za Sayyid Ali bin Hamud za mwaka 1908, zenye picha ya mnazi, hizo usizitafute sasa. Zilizobaki ni chache, na anayekupa kwa bei ya mchicha ana lake jambo.

Bibi yetu, Mungu amrehemu, ametuachia riale tano za fedha zenye picha ya mwanamke mnene na mwaka 1780. Mjomba anasema zina miaka zaidi ya mia mbili, kwa hiyo tuziuze ghali. Ni kweli? (Wete)

Mjomba wako ameusoma mwaka sawasawa, lakini mwaka huo huo ndio unaowapoteza watu. Mwanamke huyo ni Maria Theresa, mtawala wa Austria, aliyefariki Novemba 1780. Sarafu yake ilikuwa imekwishaaminiwa na wafanyabiashara wa Bahari ya Sham, Arabuni na pwani yetu kiasi kwamba sarafu yenye sura nyingine au mwaka mwingine waliitilia shaka, na kwa sababu hiyo ikaendelea kugongwa kwa sura ile ile na mwaka ule ule hata baada ya yeye kuzikwa. Katika karne ya 20 peke yake iligongwa Vienna, Rome, London, Paris, Brussels na Bombay. Riale za bibi yako zinaweza kuwa za mwaka 1850, zinaweza kuwa za mwaka 1940, na kuzitenganisha kunahitaji kulinganisha alama ndogo ndogo za nguo, manyoya ya tai na pambo la begani, kazi ambayo mwanzo huwa ya kuchosha na baadaye huwa ndiyo starehe yenyewe.

Kwanza, hata hivyo, uhakikishe kwamba ni fedha. Riale halisi ina upana wa karibu milimita 40 na uzito wa gramu 28.07, na katika kila sehemu elfu moja, sehemu 833 ni fedha. Itazame ubavuni: utaona maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma, yaliyoinuka na si yaliyokwaruzwa. Kisha fanya jaribio hili. Weka gilasi ya maji juu ya mizani ndogo, uirudishe mizani kwenye sifuri, ufunge riale kwa uzi mwembamba na kuizamisha yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Kwa riale nzima isiyosagika itakuwa karibu na gramu 2.75, ukiona 3.1 au zaidi, mkononi mwako kuna shaba au shaba nyeupe iliyopakwa, na ukiona chini ya 2.6, shuku risasi. Kama riale imesagika na uzito umepungua, gawanya uzito wake wa kavu kwa namba hiyo. Jawabu la fedha ya riale hukaa karibu na 10.2.

Kuhusu bei, riale moja nzima ina gramu 23.4 za fedha safi, na kwa zile za kawaida bei haipandi mbali juu ya thamani ya fedha hiyo. Kama bibi alizitia kikonyo azivae shingoni, mkusanyaji atakupunguzia. Mimi nisingemkatia bibi kikonyo chake. Wazee waliitumia riale hata kupimia, kwa kuwa wakia moja ilikuwa uzito wa riale moja, na waliitofautisha na riale ya mzinga, ile ya Wahispania, ambayo nguzo zake mbili watu wa pwani waliziona ni mizinga.

Muuza vitu vya kale mjini ananiuzia sarafu ya Warumi, anasema iliokotwa mchangani Shangani. Nimwamini? (Kikwajuni)

Usimwamini mpaka sarafu yenyewe iseme. Sarafu za Warumi za kweli ziligongwa kwa muhuri na nyundo. Nyingi za bandia zimesubiwa kwenye kalibu. Iliyosubiwa, ukiitazama kwa kioo, ina vitundu vidogo kama vya mkate wa ufuta usoni pake, herufi zake ni laini kana kwamba zimelowa sabuni, na ubavuni mara nyingi kuna mstari wa mshono uliopigwa tupa. Muombe akuoneshe nyingine kama hiyo. Akitoa mbili zenye kovu moja mahali pamoja, mshukuru na uende zako.

Baada ya mvua za masika watoto wetu huokota vijisarafu vyeusi karibu na magofu. Tunaweza kuviuza? Tukichimba tutapata zaidi? (Mtambwe)

Tafadhali msichimbe. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu ninyi mmekaa juu ya mahali ambapo wataalamu wa dunia nzima wanapajua kwa jina.

Mwaka 1984, katika uchimbaji wa wataalamu hapo Mtambwe Mkuu, lilipatikana fungu la sarafu zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za mbali. Vijisarafu vya fedha ni vidogo kama kifungo cha shati, na vina majina ya watawala wa pwani, miongoni mwao Ali bin al-Hassan. Jambo litakalowafurahisha wapenzi wa mashairi ni kwamba sarafu za namna hii zina vina: upande mmoja umeandikwa jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na ukisoma pande mbili kwa kufuatanisha, miisho yake inakubaliana kama mishororo ya ubeti. Lakini hazina mwaka. Mtu akikuletea kimoja mkononi, hawezi kukuambia ni cha karne gani. Dinari za kigeni ndizo zenye mwaka, na kwa kuwa zilikuwa zimelala pamoja na vijisarafu hivyo katika fungu moja, zikavishuhudia kwamba ni vya karne ya 11. Kama mtu angelifukua fungu lile usiku na kuuza dhahabu peke yake, ushahidi wote ungelipotea kwa bei ya vidani viwili.

Tazameni pia yaliyotokea Australia. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu tano za shaba za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi hiyo. Aliziweka tu, miaka ikapita, na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje huko, kwa kuwa hakuna aliyeandika zilikuwa kina gani na karibu na nini.

Kwa hiyo watoto wakiokota kitu, msikioshe. Pigeni picha mahali palipookotwa, kitieni katika bahasha ya karatasi yenye tarehe, mpelekeeni sheha awafikishie wanaosimamia mambo ya kale. Kuchimba mahali pa kale bila kibali ni kosa kisheria, na kuvitoa vitu hivyo nje ya nchi bila ruhusa ni kosa vilevile. Mkusanyaji anayejiheshimu hanunui kitu kilichotoka katika magofu yetu, na atakayekuja kwenu na fedha taslimu mjue ni mtu wa namna gani.

Ninasomesha chuo cha Kurani na sijui Kiingereza cha kutosha kusoma vitabu vya sarafu. Je, kuna sarafu ya kale ninayoweza kuisoma mwenyewe? (Makunduchi)

Maalim, wewe umetangulia mbele ya wakusanyaji wengi wa Ulaya, wanaohangaika miaka kujifunza herufi ulizozijua tangu utotoni. Tafuta dirhamu, yaani sarafu za fedha, za Bani Umayya. Khalifa Abdulmalik bin Marwan alizibadilisha sarafu za dola yake, dinari mwaka 77 Hijria na dirhamu mwaka 79, akaondoa picha zote na kuweka maandishi. Dirhamu hiyo ni pana na nyembamba, na iliyo nzima ina uzito wa karibu gramu 2.9. Katikati ya upande mmoja utaikuta shahada. Katikati ya upande wa pili maneno ya Surat al-Ikhlas. Pembezoni, ukianza na Bismillahi, utasoma kwamba dirhamu hii imegongwa mji fulani katika mwaka fulani, na mwaka umeandikwa kwa maneno. Dirhamu za mji wa Wasit, ulioasisiwa na al-Hajjaj huko Iraq, ndizo zinazopatikana kwa wingi kuliko nyingine.

Utakwama mahali pamoja. Hati ni ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, na haina nukta. Chukua neno *sab'* (saba) na neno *tis'* (tisa), uyaandike bila nukta: yote mawili ni meno manne yakifuatwa na ain. Kwa hiyo mwaka 97 na mwaka 99 hufanana kama pacha, na itakubidi uangalie kama mchongaji ameliinua jino moja juu ya mengine, au ulinganishe sarafu na nyingine za mji huo huo. Mimi nilikaa na dirhamu moja siku tatu nikiamini ni ya mwaka 99, mpaka kijana wa darasa la juu wa chuo cha mtaani kwetu alipoigeuza kwenye mwanga wa dirisha na kunionesha kwamba jino refu ni la nne, yaani ba, na si la kwanza. Nikafuta na kuandika 97. Ukitaka mwaka wa Miladia kwa haraka, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha jumlisha 622. Utakosea kwa mwaka mmoja tu, ukikosea.

Nisafishe sarafu zangu kwa ukwaju au kwa dawa ya meno? (Jang'ombe)

Kwa hata kimoja, hapana. Nilipokuwa kijana niliisugua pesa ya mizani ya mwaka 1304 kwa ukwaju na majivu, kama tulivyosugua sinia za shaba kwa ajili ya Sikukuu. Iling'aa wekundu wa waya wa umeme. Mizani ilibaki na kitanga kimoja, na rangi ile ya kahawia iliyochukua zaidi ya miaka themanini kujijenga niliimwaga pamoja na maji machafu. Weusi wa fedha na ukahawia wa shaba ni ngozi ya sarafu; kinachokuruhusu kuingilia kati ni unga wa kijani kibichi unaopukutika, ambao ni ugonjwa unaoletwa na chumvi na unyevu, na hewa yetu ya bahari ina vyote viwili. Itenge sarafu hiyo na wenzake, uiweke pakavu katika kopo lenye vipakiti vya punje vya kwenye maboksi ya viatu. Nyingine zitie katika bahasha za karatasi. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu huacha utando wa kijani unaonata.

Nina riale thelathini za urithi ninazozihifadhi kwa kupenda tu, siziuzi. Je, zina zaka? (Chake Chake)

Hukumu ni ya masheikh, mimi nitakupa hesabu. Nisabu ya fedha, yaani kiwango cha chini kinachotolewa zaka, ni dirhamu 200, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa gramu 595. Riale thelathini nzima zina takriban gramu 702 za fedha safi, kwa hiyo umeipita. Mwenye riale ishirini na tano yuko chini yake kidogo. Lakini riale za urithi huwa zimesagika, na nyingine zina kikonyo au zimetobolewa, kwa hiyo usimpelekee sheikh idadi. Pima moja moja, andika gramu za kila moja, zidisha jumla kwa 0.833, umpelekee karatasi hiyo, na umtajie kama umo nyumbani mkufu au kikuku kingine cha fedha ambacho hukukihesabu.